Kwa nini mwalimu mtarajiwa wa shule ya msingi husoma tena kugawanya?

Je, wajua kwa nini mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi huketi muhula mzima akisoma upya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, mambo aliyoyafaulu kabla ya kumaliza darasa la saba?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba somo hilo ni marudio ya kuwasaidia wale ambao hesabu iliwapiga chenga shuleni. Niliamini pia kwamba anayezijua hesabu za sekondari hana cha kutafuta humo, kwa kuwa aliyepanda juu bila shaka alikwisha kupita chini. Nilikosea katika yote mawili. Kupata jibu ni ujuzi mmoja. Kujua kwa nini jibu ni hilo, na mtoto aliyekosa amepotelea wapi, ni ujuzi mwingine, na huu wa pili hauji wenyewe kwa kupanda madarasa. Mtu anaweza kufika chuo kikuu akiwa kila siku anagawanya sehemu kwa kuigeuza ile ya pili na kuzidisha, bila kuulizwa hata mara moja kwa nini anageuza. Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza mwaka 1986 kwamba mwalimu anahitaji maarifa ya aina yake, yanayolitazama somo kwa jicho la kulifundisha. Ndiyo maana katika baadhi ya kozi hizi wanachuo huhesabu kwa makundi ya matano badala ya makumi, ambapo 13, yaani tano moja na tatu, humaanisha nane, ili waonje tena ugeni ambao mtoto huuonja anapokutana na namba kwa mara ya kwanza.

Mfano ulionifungua macho ni wa Liping Ma, mtafiti wa elimu ya hisabati. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1999, walimu 23 wa Marekani na 72 wa China waliombwa wagawanye moja na robo tatu kwa nusu, kisha watunge hadithi inayolingana na hesabu hiyo. Walimu wote wa China walipata jibu sahihi. Kati ya Wamarekani 21 waliojaribu, waliolipata ni 9. Kwenye hadithi, Wamarekani 10 walieleza kitu kinachogawanywa kwa watu wawili sawasawa, jambo ambalo ni kugawanya kwa mbili, wala si kwa nusu.

Kwa Kiswahili mtego huo uko karibu zaidi, kwa sababu neno "gawanya" hutuletea mara moja picha ya watu wanaogawiana, na "gawanya kwa nusu" husikika kama "kata nusu kwa nusu". Hebu tulihamishe swali hadi duka la mtaani Mbagala, linalouza mafuta ya kupikia ya kupima. Muuzaji amebakiwa na lita moja na robo tatu, na wateja wanakuja na chupa za nusu lita. Atajaza chupa ngapi? Anajaza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Imebaki robo lita. Hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe: jibu si tatu na robo, bali ni tatu na nusu, kwa sababu tulichokuwa tunahesabu ni chupa, si lita, na robo lita hujaza nusu ya chupa.

Sasa tuje kwenye kugeuza. Tuseme ana lita mbili, na kila chombo kinachukua robo tatu ya lita. Akipima kwa kikombe cha robo lita, kila lita inatoa vikombe vinne, kwa hiyo anavyo vinane: amezidisha kwa nne. Kila chombo kinameza vikombe vitatu, kwa hiyo anagawanya nane kwa tatu na kupata vyombo viwili na theluthi mbili. Kuzidisha kwa nne kisha kugawanya kwa tatu ndiko kuzidisha kwa nne juu ya tatu, yaani robo tatu iliyogeuzwa. Asili ya sehemu, ile namba ya chini, ilitueleza lita inakatwa vipande vingapi, na kiasi, ile ya juu, kikatueleza kila chombo kinachukua vipande vingapi. Kanuni nzima haina zaidi ya hayo mawili.

Ni lazima niseme kwamba walimu 23 ni wachache mno kuipima nchi nzima. Ushahidi mzito zaidi ulitolewa na watafiti Heather Hill, Brian Rowan na Deborah Ball mwaka 2005: wanafunzi wa darasa la kwanza na la tatu nchini Marekani walipiga hatua kubwa zaidi pale mwalimu wao alipokuwa na maarifa ya aina hii. Hata hivyo, utafiti huo ulipima maarifa ya walimu, si kozi iliyowapa maarifa hayo.

Mfikirie basi mtoto wa Temeke aliyeandika tatu na robo katika daftari lake la Hisabati. Mwalimu anayejua kanuni peke yake ataweka mkasi na kusonga mbele. Aliyesoma kwa namna hii ataona kwamba mtoto amejaza chupa zote tatu sawasawa na amelipima vizuri baki lake, ila amelitaja kwa lita, na atamuuliza: "Hiyo robo ni robo ya nini?"