Vumbi la vibete vyeupe: yasemwayo barazani na yalivyo

Umeme ukikatika mtaani kwetu, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, mazungumzo huhamia juu. Mtu ameshika kikombe cha kahawa chungu, anatazama nyota, kisha anatoa hukumu. Nimekusanya hukumu kadhaa kuhusu vibete vyeupe na vumbi linalovizunguka. Nyingine nilikuwa nikizitoa mimi mwenyewe.

"Nyota ikifa, haibakishi kitu."

Hii haina haja ya maneno mengi. Nyota ya kadiri ya jua letu ikiishiwa na hidrojeni kiinini mwake, huvimba, hupukutisha matabaka ya nje, na hubaki na kiini kitupu. Hicho ndicho kibete cheupe: uzito wake mara nyingi ni zaidi ya nusu ya jua, lakini ukubwa wake ni kama dunia. Ukichota kijiko cha chai, umechota tani kadhaa. Hakichomi tena chochote, kinapoa tu polepole, kama jiko la makaa lililosahauliwa baada ya mahamri kutolewa. Jua letu litafika huko baada ya miaka bilioni kadhaa.

"Basi humeza kila kilicho jirani, kama shimo jeusi."

Hapana, na hapa watu wa pwani tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Kitu kilicho mbali huendelea kuzunguka kama kawaida. Mwaka 2020 ilitangazwa sayari yenye ukubwa wa Mshtarii inayozunguka kibete cheupe WD 1856+534 kila baada ya siku 1.4, na ni nzima. Kinachovunja ni kusogea karibu kupita kiasi. Mwezi huvuta upande wa dunia ulio karibu nao kuliko upande wa pili, na kwa tofauti hiyo maji hujaa na kupwa pale Tudor. Sasa chukua jiwe la anga, lipeleke mpaka kama kilomita 700,000 kutoka kwenye kibete cheupe. Upande wa mbele unavutwa kwa nguvu kuliko wa nyuma, mpaka jiwe linaachana vipande vipande. Ni bamvua, ila hili linapasua miamba. Vipande husagika vikawa vumbi, na vumbi hujipanga kuizunguka nyota.

"Vumbi hilo limepigwa picha, nimeliona kwenye simu."

Ulichoona ni mchoro. Hakuna aliyepiga picha ya vumbi lenyewe. Liko karibu mno na nyota yake, nasi tuko mbali mno. Lilijulikana kwa joto lake. Mwaka 1987 wanaastronomia Ben Zuckerman na Eric Becklin waliona kibete cheupe G29-38 kikitoa miale mingi ya infraredi, ile ya joto isiyoonekana kwa macho, kuliko inavyostahili. Wao wenyewe walidhani huenda nyota hiyo ina mwenzake mdogo aliyefifia. Baadaye darubini ya anga ya Spitzer ikaonyesha ni chembe za mawe zilizopashwa joto. Mwaka 2022 darubini ya Chandra ikanasa eksirei za mabaki hayo yakiigonga nyota. (Wazee wa Malindi watakukumbusha kwamba setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa lililo baharini kwao, tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru.)

"Vumbi ni vumbi. La kusoma nini?"

Swali hili aliniuliza mzee mmoja akiwa anacheka, nami sikuwa na jibu zuri siku hiyo. Leo ningemwambia: mzee, nazi huijui mpaka uivunje. Sayari za mbali tunapima upana na uzito wake, lakini tumbo lake hatulioni. Kibete cheupe kinatuvunjia. Uso wake ungepaswa kuwa hidrojeni au heli tupu, kwa sababu elementi nzito huzama ndani, kama mchanga kwenye ndoo ya maji, kwa siku chache au kwa miaka milioni kadhaa ikitegemea nyota. Ukikuta kalisi au chuma juu, basi kimemwagwa karibuni. Robo hadi nusu ya vibete vyeupe vina doa la namna hiyo. Na mchanganyiko wake mara nyingi ni oksijeni, magnesi, silikoni na chuma, yale yale yaliyojenga dunia yetu.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba ushahidi wa kwanza ulikuwa kabatini miaka yote. Nuru ya nyota ya van Maanen, nayo ni kibete cheupe, ilirekodiwa kwenye bamba la kioo kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Mount Wilson, Marekani, mwaka 1917, na alama za kalisi zilikuwamo. Ilichukua karibu karne nzima mtu kutambua maana yake.

"Pete zake ni laini kama za Zohali."

Si lazima. Kibete cheupe WD 1145+017, kama ilivyogunduliwa mwaka 2015 kwa data za darubini ya anga ya Kepler, hufifia kila baada ya saa 4.5 hivi, wakati mwingine kwa asilimia 40, na kila mara kwa umbo tofauti. Sayari haifanyi hivyo. Hayo ni mawingu ya vumbi yenye mikia, yanayoachwa na mawe yanayomomonyoka. Nuru tunayoipokea ilitoka huko kabla ya jiwe la kwanza la Fort Jesus kuwekwa mwaka 1593.

"Kazi hiyo ni ya NASA peke yao."

Baada ya ugunduzi huo, waliokesha usiku baada ya usiku wakipima kufifia kwake ni pamoja na wapenzi wa nyota wenye darubini zao za nyumbani, na majina yao yamo kwenye makala za kisayansi. Nyota yenyewe iko katika kundinyota la Mashuke, karibu kabisa na ikweta ya mbingu. Mwezi wa Machi, mnamo saa sita za usiku, hupita karibu na utosi wa Mombasa. Jicho tupu haliiambulii. Ni hafifu zaidi ya mara 20,000 kuliko nyota hafifu tunazoziona. Anayetaka kujaribu na darubini yake awahi, kabla masika hayajafunga mbingu.