Sitapu Mia Mbili na Kiuno Bado Kinauma

Kijana mmoja alikuja kliniki yetu ya fiziotherapia na tumbo lililokatika vizuri, lakini kuinama avue viatu ilikuwa shughuli. Kila alfajiri, akitoka tu kitandani, alikuwa anapiga sitapu mia mbili, lile zoezi la kulala chali na kuinuka kukaa. Nikamwambia apige magoti, viganja vyote sakafuni, kisha anyooshe mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, atulie sekunde kumi. Hata sekunde ya tano haijafika, nyonga imeshapinda na kiuno kimebonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea. Misuli anayo, ila hajaifundisha kazi yake.

Na hiyo kazi ndiyo wengi tunaikosea. Ukimtajia mtu misuli ya katikati ya mwili, anashika tumbo. Ile inayoonekana kwa mbele, ya sikspaki, ni ukuta mmoja tu wa chumba. Dari yake ni kiwambo, msuli mpana wa kupumulia unaotenga kifua na tumbo. Sakafu yake ni misuli ya nyonga inayozuia mkojo. Nyuma kuna misuli midogo midogo iliyoshikamana na pingili za uti wa mgongo, na ubavuni kuna tabaka tatu, la ndani kabisa likiwa limezunguka kiuno kama kanga anayofungwa mzazi tumboni. Chumba hiki kazi yake kubwa ni kuzuia: mgongo usikunjike, usilale upande wala usizunguke ovyo wakati mikono na miguu iko kazini. Mtazame mama aliyejitwisha ndoo ya maji. Miguu inakwenda, nyonga zinacheza, kiwiliwili kimetulia na maji hayamwagiki.

Mwaka 1996 watafiti wawili wa Australia, Paul Hodges na Carolyn Richardson, walionyesha kwamba kwa mtu mzima wa afya lile tabaka la ndani hukaza kabla hata mkono haujainuka. Kwa wenye maumivu sugu ya kiuno lilikuwa linachelewa. Matokeo hayo yalifanya walimu wengi wa mazoezi kuimba “vuta kitovu ndani” kwa kila kitu. Mimi kwa kunyanyua mzigo siupendi wimbo huo. Kaza tumbo lote kuzunguka, kama vile mtu anataka kukutania na ngumi ya tumbo, halafu endelea kupumua.

Sasa sitapu. Vipimo vya maabara vya Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, vilikuta kwamba sitapu moja inaukandamiza mgongo wa chini kwa zaidi ya niutoni 3,000, yaani kama uzito wa kilo 300. Mara moja haina neno, ila zidisha kwa mia mbili, kila siku. Kuna jingine ambalo yule kijana hakuambiwa: usiku tukilala, diski zilizo kati ya pingili hunyonya maji na kuvimba, ndiyo maana asubuhi mtu ni mrefu kidogo kuliko jioni. Saa ya kwanza baada ya kuamka diski imejaa na imekaza, na ukiinama inapata taabu zaidi kuliko wakati mwingine wowote. Yeye alichagua saa hiyo hiyo. Hata Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lililopima askari wake kwa sitapu kwa miaka mingi limeziondoa kwenye mtihani wa utimamu wa mwili. Tangu 2022 linapima kwa planki, yaani kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka.

Basi unapochagua zoezi, jiulize linauzuia mgongo usiende wapi. Planki ya viwiko inazuia kiuno kisidondoke. Ya ubavu inazuia usilale upande. Lile la magoti na viganja linazuia kuzunguka. Kuna na ninaloliita mende chali: lala chali, magoti juu, mikono ikielekea dari, kisha shusha taratibu mkono mmoja na mguu wa upande wa pili huku kiuno kikibaki kimegusa mkeka. Kikiachia, umeshusha mno.

Nikiambiwa nibaki na zoezi moja, nitachukua dumu. Dumu la lita 10 lililojaa maji ni kilo 10, na kila nyumba linapatikana. Libebe kwa mkono mmoja, tembea uani hatua ishirini bila kuegemea upande wowote, mabega sawa, kisha hamishia mkono wa pili. Utashangaa ubavu unaofanya kazi si ule wa upande wenye dumu, ni wa upande mtupu. Likikuzoea, nenda lita 20.

Habari ya kujisifu planki ya dakika tano iacheni. Wengi baada ya dakika moja wanakuwa wamening'inia kwenye kiuno, misuli imeshalala. Shikilia sekunde kumi kwa umakini, pumzika, rudia mara tano au sita. Siku tatu nne kwa wiki zinatosha kuanzia.

Kitambi hakiondoki kwa mazoezi haya, kwa sababu mwili hauchagui kuchoma mafuta pale misuli inapofanya kazi. Kitambi ni habari ya sahani na ya kutembea.

Waliojifungua karibuni waanze na pumzi na kukaza sakafu ya nyonga, si planki. Ukijiinua na tumbo likachongoka katikati kama paa la nyumba, au mkojo ukitoka ukikohoa, zoezi hilo bado ni zito kwako, muone mtaalamu. Kanga inakushikilia vizuri tu, ila misuli haijengwi na kanga.

Na kuna maumivu ambayo si ya kupelekea mazoezi kabisa. Maumivu yanayokuamsha usiku, yenye homa na kupungua uzito, yapimwe. Kwetu kifua kikuu kinaweza kuingia hata kwenye uti wa mgongo. Ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo au choo kugoma au kukuponyoka, au mguu kuishiwa nguvu, usisubiri kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.