Trekta na mashine zake: yanayoaminiwa na yanayotokea

"Shafti ya PTO ikikunasa, utawahi kujichomoa."
Huwahi. PTO ni shafti inayopeleka nguvu ya injini ya trekta kwenye mashine iliyofungwa nyuma. Kasi yake ya kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika, yaani 9 kila sekunde. Shafti yenye mzingo wa sentimita 22 huvuta karibu mita 2 za nguo kwa sekunde moja, na mkono hufuata nguo. Kwenye mashine ya kupukuchua mahindi, pabaya zaidi ni kwenye maungio, maana hapo pini na boliti zimechomoza. Anayelisha mahindi avue kanga na mtandio, achomekee shati. Usiiruke shafti inayozunguka. Pitia mbele ya trekta.

Kava la plastiki linalofunika shafti nalo huonekana pambo tu. Mafundi hulitoa ili wapake grisi vizuri, halafu halirudi. Lijaribu hivi: zima injini, chomoa ufunguo, lizungushe kava kwa mkono. Likizunguka lenyewe bila shafti, ni zima. Likigoma, litakuburuza kama shafti yenyewe. Kisha funga vile vijinyororo vyake, kimoja kwenye trekta, kingine kwenye mashine, ili litulie kazi ikiendelea.

"Trekta ni zito, haliwezi kubinuka."
Likikwama tope, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, nguvu ya injini huinua mbele badala yake. Ukiwa umefunga mnyororo kwenye ekseli au juu zaidi, linaweza kumlalia dereva hata kabla hajakanyaga klachi. Funga mnyororo kwenye sehemu ya chini ya kuvutia tu, na kama tope ni zito jaribu kutoka kwa kurudi nyuma.

"Mkanda ni wa barabarani."
Kama trekta lina fremu ya kinga, ile inayomlinda dereva likibinuka, funga mkanda hata shambani, usije ukarushwa nje ukaangukiwa na fremu hiyohiyo. Kama halina, usifunge.

"Utingo akae kwenye madigadi."
Hapana. Akiteleza, kilicho nyuma yake ni gurudumu, kisha plau.

"Stata ikigoma, gusisha vichwa vyake kwa bisibisi."
Ukifanya hivyo unaikwepa swichi inayozuia injini kuwaka ikiwa kwenye gia. Trekta huwaka na kuondoka papo hapo, nawe umesimama mbele ya tairi la nyuma.

"Mafuta ya haidroliki yanayovuja, yatafute kwa kidole."
Tumia kipande cha boksi, tena ukiwa na miwani. Mchirizi mwembamba kama sindano hupenya ngozi; kidonda huwa kidogo na pengine hakiumi, lakini hospitali ni saa hiyohiyo, na mwambie daktari ni mafuta ya haidroliki.