La ya 440 haiumizi koo la mwimbaji

Ujumbe unaozunguka kwa muda mrefu katika makundi ya simu ya wanakwaya hapa Bukavu unadai kwamba noti ya la, ambayo vyombo vyote hulinganishwa nayo, ikipimwa kwa hezi 440 huchosha koo na kuvuruga akili, na kwamba hezi 432 ndiyo sauti ya asili iliyowekwa na Mungu. Dai hilo halina msingi.

Hezi ni idadi ya mitetemo katika sekunde moja, na sekunde yenyewe ni kipimo kilichobuniwa na wanadamu. La ya 440 ilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939 ili vyombo vilingane. Ufaransa ilikuwa imeweka 435 tangu mwaka 1859, na kabla ya hapo vipimo vilitofautiana mji kwa mji. Tofauti ya 440 na 432 haifiki hata theluthi ya nusu toni (hatua kati ya funguo mbili zinazofuatana za kinanda), na kwaya nyingi zinazoimba bila kinanda hushuka kiasi hicho bila kujua.

Anayetaka kuhakiki amwombe mwenzake ampigie wimbo mmoja kwa vipimo vyote viwili, bila kumwambia upi ni upi. Watu huchanganyikiwa kwa sababu wimbo ukishushwa, soprano, yaani waimbaji wa sauti ya juu, hupumua kweli. Lakini nafuu hiyo huletwa na kushuka kwenyewe, wala si na namba 432, na kuuteremsha wimbo toni nzima kungesaidia zaidi.

Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiupeleke kwingine, na koo likiendelea kuuma, mwone daktari.