Redio Ikikataa Kushika: Yanayoaminiwa na Ukweli Wake

Kituo cha mbali kikisikika usiku na kupotea asubuhi, wengi husema wenye mitambo wameongeza nguvu. Sivyo. Huko Marekani vituo vingi vya masafa ya kati (AM) hulazimika kupunguza nguvu usiku, maana mawimbi yao hufika mbali mno na kuingilia ya wenzao. Kilichobadilika ni anga. Mchana, jua huchaji hewa iliyo kati ya kilomita 60 na 90 juu yetu, na tabaka hilo humeza mawimbi yanayopanda. Jua likizama, tabaka hilo hufifia. Mawimbi hupita, hugonga matabaka ya juu zaidi na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka kwenye mnara.

Na ile sauti inayopanda na kushuka usiku, ambayo watu huilaumu betri? Ni mawimbi yaliyotambaa ardhini yakikutana na yale yaliyorudi kutoka juu: mara yanasaidiana, mara yanafutana. Mwaka 1924 mwanafizikia Mwingereza Edward Appleton alilitumia jambo hilohilo kuthibitisha kwamba tabaka la juu linalorudisha mawimbi lipo kweli, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote: kero ya wasikilizaji ilikuwa ushahidi.

Kwenye FM, wapo wanaodhani redio “inawataka” wasimame mahali fulani ndipo ishike. Wimbi la FM lina urefu wa takriban mita 3, nalo hugonga kuta, mabati na miili yetu, likafika kwenye antena kwa njia kadhaa. Ukisogeza redio hatua moja tu, hesabu yote inabadilika. Pwani, hewa ya joto ikilala juu ya hewa baridi yenye unyevu wa bahari, FM ya mbali sana huingia kwa saa kadhaa kisha ikatoweka.

Televisheni ndiyo inayozua ubishi mkubwa. Tanzania ilianza kuzima analojia tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo picha ikiganda lawama huenda kwa king'amuzi. Zamani mawimbi yakidhoofika ulipata chenga, ukaendelea kutazama. Dijitali hurekebisha makosa kimyakimya hadi yazidi uwezo wake, kisha picha hukatika ghafla. Kwa hiyo kabla hujanunua king'amuzi kingine, inua antena, ielekeze kwenye mnara, kagua waya na viungio vyake.

Dishi nalo: mawingu matupu hayalisumbui, ila matone ya mvua kubwa hunyonya mawimbi ya madishi madogo. Yale madishi makubwa ya zamani huathirika kidogo sana.

Kama redio inakwaruza chumba kimoja tu, zima taa za LED na uchomoe chaja, kimoja baada ya kingine, huku ukisikiliza.