Makini si mwangalifu, wala si mpole

Ripoti nyingine imefika ikiwa na sentensi ileile: "Ukaguzi ulifanyika kwa umakini mkubwa." Ukurasa unaofuata, jina la kijiji kimoja limeandikwa kwa namna tatu, na jumla ya jedwali hailingani na safu zake.

Tatizo linaanzia kwenye imani kwamba makini ni uangalifu tu. Sivyo. Mwangalifu hutazama hatari. Mtu makini huitazama kazi yenyewe mpaka kwenye vipengele vyake vidogo. Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi, Dodoma, anapopogoa, akichunga mkasi usimkate kidole, huo ni uangalifu. Akihesabu macho, yaani sehemu za kuchipulia, anayobakiza kwenye kila tawi, kwa kuwa yakizidi mzabibu utasheheni majani na vichala vitadumaa, hapo ndipo penye umakini. Mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine.

Kwa hiyo kwa matapeli andika "jihadhari na matapeli", si "kuwa makini na matapeli". Najua redio na mabango yamekwisha kutuzoesha hili la pili, na zipo sentensi ambamo mpaka kati ya maneno haya mawili unapotea. "Endesha kwa makini kwenye kona za mlima Sekenke": hapo hatari na kazi ni kitu kimoja, na kalamu yangu nyekundu haigusi.

Wengine hudhani mtu makini ni mpole, wa polepole. Hao asili ya neno inawatetea: kamusi za zamani zililieleza neno hili kwa utulivu, na katika Kiarabu lilikotoka ni imara, aliyejikita. Lakini kilichotulia ni fikra, si mikono. Karani wa benki huhesabu noti upesi sana na bado akaiona iliyochanika.

Turudi kwenye ripoti. Futa "kwa umakini mkubwa", uandike kilichofanyika: "Kila stakabadhi ililinganishwa na daftari la mapato, tofauti zimo kwenye kiambatisho." Ikiwa sentensi ya namna hiyo haiandikiki, sifa nayo isiandikwe.

Sarufi ni fupi. Kama safi na hodari, makini haichukui kiambishi: watu makini, kazi makini. "Wamakini" ni kosa. "Kimakini" haina kazi maadamu "kwa makini" ipo. Wanaoikataa "umakini" kwa hoja kwamba makini ni nomino tayari wanakaza bure. Tunasema usafi na uhodari, na hili limeundwa vivyo hivyo.