Je, wajua jinsi nguvu za molekuli moja zinavyopimwa?

Pale Marikiti, Nairobi, ukitaka kujua hamali ana nguvu kiasi gani, funga mkokoteni wake kwenye mizani ya springi, ile ya kupimia magunia ya viazi, mwambie avute mpaka ashindwe, kisha usome namba. Sasa, ndani ya seli zako kuna mahamali wengine. Kinesini ni protini yenye miguu miwili, hubeba mizigo ikitembea juu ya nyuzi nyembamba mno. Hiyo utaifunga kwenye mizani gani?

Wanabiofizikia huifunga kwa mwanga. Mwaka 1986 Arthur Ashkin na wenzake wa maabara za Bell, Marekani, walionyesha kuwa mwali mmoja wa leza, ukikusanywa vizuri na lenzi ya hadubini, hunasa punje ndogo. Mwanga unapopinda ndani ya punje huisukuma, na msukumo huo huirudisha pale mwanga unapong'aa zaidi. Tuzo ya Nobeli ilimfikia 2018, akiwa na miaka 96. Mimi subira hiyo sina.

Punje iliyonaswa ni kama iliyofungwa kwa springi: ikivutwa mbali kidogo na kitovu, leza huirudisha kwa nguvu zaidi. Basi unaibandika kinesini kwenye punje, unaishusha juu ya uzi wake, unaipa ATP, ndiyo mafuta yake, halafu unatazama. Punje haitelezi. Inaruka, inatulia, inaruka tena. Kila mruko ni nanomita 8 (nanomita ni mita iliyogawanywa kwa bilioni), kama ilivyopimwa 1993, na hula molekuli moja ya ATP. Inakwama leza inapoivuta kwa takriban pikonyutoni 6. Shika nyanya ya gramu 100: uzito wake ni kama nyutoni moja. Ugawanye kwa trilioni, upate pikonyutoni moja, kisha uzidishe kwa 6.

Kinachosumbua ni mtikisiko. Mlango ukibamizwa, au feni ikivuma, hatua hiyo inapotea. Ndiyo maana mashine hizi hupenda vyumba vya chini ya ardhi, juu ya meza zinazoelea kwa hewa. Ghorofa ya tatu River Road, matatu zikipita na besi zao? Sahau.

Na hamali huyu si mbadhirifu. Akikaribia mzigo wa kumshinda, karibu nusu ya nishati ya ATP huwa kazi. Injini ya petroli ya gari la kawaida haifiki hapo.